Vitabu vya Masukulu na Atlasi Iliyokataa Kurudi

Nilipewa maktaba kwa sababu nilichelewa kikao. Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu na sanduku la bati na viatu vyeupe, viatu ambavyo mtu yeyote anayeijua Rungwe na matope yake angenikataza kuvivaa. Mto ulikuwa umejaa, nikangoja upungue. Nilipofika shuleni Masukulu, walimu wenzangu walikwisha kugawana kazi zote zenye heshima: michezo, kwaya, bustani, hata kengele. Mwalimu Mkuu, mtu mrefu aliyezungumza kama anayesoma tangazo, alivitazama viatu vyangu, ambavyo havikuwa vyeupe tena, akasema, "Mwalimu Atupele, imebaki maktaba."

"Iko wapi, mwalimu?"

"Nyuma ya baiskeli yangu."

Na kweli ilikuwa nyuma ya baiskeli yake. Kilikuwa chumba kidogo mwishoni mwa jengo la madarasa, chenye rafu tatu za mbao, dirisha moja lisilofunga, na kuku. Kuku huyo alikuwa wa Mwalimu Mkuu. Alikuwa amelalia mayai kwenye rafu ya chini, juu ya kamusi, na nilipomsogelea alinidonoa mkono. Nikaenda kushtaki.

"Ana siku ngapi?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Sijui, mwalimu. Nimekutana naye leo."

"Basi usimsumbue. Ukimtoa sasa mayai yataharibika. Kamusi haitaharibika."

Hivyo maktaba yangu ilifunguliwa rasmi baada ya vifaranga kutotolewa. Vilikuwa kumi na kimoja. Kamusi ilipona, isipokuwa kurasa za mwanzo, na kwa miaka mingi wanafunzi wangu walikuwa dhaifu kidogo kwa maneno yanayoanza na herufi A.

Ninyi vijana mliobaki kazini mmeniomba niandike niliyoyaona. Mishahara sitaitaja, maana hadithi yenyewe ni fupi mno. Vyeo nilipata viwili, kimoja kwa makosa ya karani. Nitaandika kazi yenyewe, na watu walioifanya iwe kazi.

Adui wa kwanza wa maktaba ya Rungwe si mwizi, ni unyevu. Kwetu mvua hainyeshi, inaishi. Kitabu ukikiacha juma moja kinaota ndevu. Jalada linajikunja, gundi inaachia, na kurasa zinatoka moja moja kama meno ya mtoto. Mwezi wangu wa nne kazini nilibeba vitabu kumi na vitano katika kikapu, nikatembea hadi Tukuyu mjini, nikauliza nani anaweza kuvitengeneza. Kila mtu alinielekeza kwa mtu mmoja pale Makandana: Mzee Sefu, fundi viatu.

Mzee Sefu alikuwa na kofia ya viua, miwani iliyofungwa kwa uzi, na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, aliyoichomeka kwenye kola ya shati kama kalamu. Alichukua kitabu cha kwanza, akakinusa, akakipindapinda.

"Binti, hiki si kigeni kwangu," akasema. "Kitabu ni kiatu. Kina soli, kina uso, kina ulimi. Tatizo lenu mnavaa bila kushonesha."

Akanifundisha kutoboa mgongo wa kitabu matundu matano yaliyo sawa, kupitisha uzi uliopakwa nta, kupika gundi ya unga wa muhogo na kuitia majani machungu kidogo ili mende wasiipende. Nimetumia maarifa hayo hadi siku ya mwisho kazini. Hakutaka malipo. Alitaka nimsomee wakati anashona. Nikamsomea habari za nyangumi.

"Mkubwa kiasi gani?"

"Kama nyumba tatu, mzee."

"Subhanallah! Na kiatu chake?"

"Hana miguu."

Mzee Sefu akafikiri. "Basi hana haja na mimi. Endelea."

Alikuwa na kasoro moja tu. Yeye alisoma herufi za Kiarabu, na kwake kitabu hufunguliwa kulia. Atlasi yetu ya dunia, kitabu kikubwa kuliko vyote, yenye mhuri wa serikali na jalada lililokuwa limeoza, aliishona imara kuliko ngozi ya ng'ombe, ila jalada akaliweka nyuma mbele na juu chini. Niligundua nikiwa tayari nimefika nyumbani. Kurudi Makandana kwa ajili ya hilo sikuweza, na kumwambia sikuthubutu. Tangu siku hiyo mtu aliyeifungua atlasi ya Masukulu bila kuonywa aliiona dunia ikiwa kichwa chini, Ulaya ikining'inia huku kusini. Wanafunzi walizoea. Mmoja aliniambia ni sawa tu, maana kwa kuwa tumepata Uhuru ilipasa mambo yageuzwe.

Mwaka wa maktaba huenda hivi. Januari unapiga mihuri na kuandika kadi. Mvua kubwa zinapokuja unapambana na kuvu, unafuta vitabu kimoja kimoja kwa kitambaa kikavu, na kikavu ndicho kitu usichonacho. Juni na Julai ukungu unaingia hadi ndani ya droo, watoto wanasoma wamejifunika mablanketi, na hakuna anayetaka kutoka kwa kuwa chumba kimepata joto la watu. Septemba jua linatoka, nasi tunaanika. Tulitandaza majani ya migomba uwanjani, vitabu vyote juu yake vimefunguliwa, na darasa zima likizunguka kugeuza kurasa kama wanaogeuza maandazi. Mpita njia mmoja aliniuliza tunauza lini. Novemba unakusanya vilivyoazimwa, na hapo ndipo unapojua tabia za watu. Desemba unahesabu.

Mbele ya mlango niliweka ndoo ya maji. Hakuna kushika kitabu kabla ya kunawa, maana kwetu mtoto hana mkono usio na ndizi. Mkaguzi mmoja wa zamani alikataa kunawa. Kidole chake gumba kimebaki kwenye ukurasa wa arobaini wa kitabu cha hesabu hadi leo.

Mara moja tulipata sanduku kutoka kwa watu wema wa nchi za nje. Tulilifungua kwa kwaya na sala. Ndani yake kulikuwa na kitabu cha kutengeneza vyombo vya kutelezea juu ya theluji, na nakala ishirini na mbili za hadithi moja, zote sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza haikuja kamwe. Hadithi ilianza na mtu aitwaye Henry anayetoka dirishani akikimbia, na hatukujua kafanya nini. Kila mwaka niliwapa Darasa la Saba zoezi: andika sehemu ya kwanza. Katika miaka yote hiyo Henry ameiba ng'ombe mara nyingi sana, ameoa bila mahari, na mwaka mmoja alikuwa amekimbia ngumbaru.

Ngumbaru ndiyo iliyonikutanisha na Bibi Tumpe. Serikali ilikuwa imeamua kila mtu mzima ajue kusoma, na jioni baada ya kuchuma chai wazee walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu, wakiimba ta, te, ti, to, tu. Bibi Tumpe alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Siku moja baada ya somo alikuja maktaba, akanawa mikono hadi viwikoni, akasimama.

"Ugonile, mwalimu. Hivi fitabu fyako, kuna kinachosema watu wako wapi?"

"Watu gani, mama?"

Akatoa bahasha chakavu kifuani. Ilikuwa barua ya mwanawe Ambokile, aliyekwenda migodini kusini kabla ya Uhuru. Mistari minne tu: hajambo, anawasalimu, kazi ni ngumu, yuko Kimberley. Na barua yenyewe ilikuwa ya miaka mingi.

Nilikuwa na haraka. Watoto walikuwa wanarudisha vitabu, wawili wanagombania nakala ya Henry. Nikafungua faharasa nyuma ya atlasi, nikaliona jina, nikafungua ukurasa, nikaweka kidole. "Hapa, mama."

Bibi Tumpe aliinama akaweka kidole chake pale nilipotoa changu, akakiacha hapo muda mrefu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kisha akasema, "Nipe nikae naye."

Sheria ilikuwa siku kumi na nne. Nikamwandikia, akajitwika atlasi kichwani, akaenda nayo.

Sasa nikiri. Mwaka uliofuata nilipata kitabu kingine cha jiografia, na nikiwa darasani mwanafunzi akauliza kwa nini jina Kimberley liko mahali pawili. Nikatazama. Moja liko Afrika ya Kusini, kwenye migodi ya almasi. Jingine liko Australia. Nikakumbuka ukurasa, nikakumbuka bahari ya buluu pembeni ya kidole changu. Chaki ikanidondoka. Nilikuwa nimempeleka Ambokile Australia.

Nilikwenda kwa Bibi Tumpe siku ileile kumwambia. Nilimkuta amekaa barazani, atlasi mapajani, kidole juu ya Australia, anazungumza nayo kwa Kinyakyusa. Alikuwa anamweleza mwanawe kuwa ng'ombe mwekundu amezaa. Akaniona akafurahi, akanipakulia mbalaga, ndizi zilizopikwa na maziwa, nikala, nikashukuru, nikarudi. Mwezi uliofuata nikaenda tena nimejiandaa kabisa. Safari hiyo alipika na maharage. Mara ya tatu machozi yalinitoka kabisa, nikasingizia moshi. Nikala. Kusema sikusema. Na atlasi nayo sikuidai, maana ningeidai kwa uso gani?

Miaka ikapita hivyo, hadi kijiji chetu kikawa kijiji cha ujamaa. Tulipata shamba la pamoja, duka la pamoja, na mbolea ya chumvichumvi magunia mengi, ambayo haikuwa na mahali pa kulala. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Ndugu Anyelwisye, mtu mnene, mchangamfu, asiyeweza kuomba maji ya kunywa bila kuhutubia kwanza. Akasimama kwenye mkutano wa kamati ya shule.

"Ndugu wananchi! Mbolea inalowa! Na hapa tuna chumba kizima cha makaratasi ambayo hakuna mwananchi anayeyatumia! Nauliza, je, karatasi inaotesha mahindi?"

"Haioteshi!" wakajibu, kwa kuwa hilo kwa kweli halibishiki.

Mwalimu Mkuu alijaribu kututetea kwa sauti yake ya tangazo, lakini baiskeli yake ilikuwa bado imeegeshwa pale mlangoni, na watu wakasema kumbe anatetea baiskeli. Ikaamuliwa mkaguzi wa elimu aitwe. Akikuta vitabu havipo, au vipo lakini wananchi hawavitumii, chumba kiwe ghala na vitabu virudishwe wilayani. Nilipewa majuma mawili.

Nilihesabu. Vitabu thelathini na tisa vilikuwa nje. Nikavaa mabuti, maana masomo ya viatu vyeupe nilikwisha kuyahitimu, nikaanza kuzunguka vijijini, Masukulu yote hadi kuelekea Matwebe. Ndugu zangu, kama mnataka kujua maktaba inatumikaje, msisome ripoti. Nendeni mkakusanye.

Kitabu cha afya nilikikuta kwa mkunga, kimefungwa kwa khanga, na hakuruhusu nikishike mpaka nimpe sababu. Kitabu cha useremala kilikuwa kimeegemeza mguu wa meza, na ajabu ni kwamba meza yenyewe ilitengenezwa kwa kukifuata hichohicho. Nakala tatu za Henry zilikuwa kwa mzee mmoja ambaye hakuwa anajua kusoma. Alikuwa anawagawia wajukuu zake waliokuja likizo, kisha anawasikiliza na kuwakosoa. Kitabu cha nyimbo kilirudi kina nyimbo mbili zaidi, zimeandikwa kwa mkono.

Kilichonishinda kilikuwa kitabu cha ufugaji wa nguruwe. Daftari lilionyesha jina la aliyekiazima, nikalisoma mara mbili: Ndugu Anyelwisye mwenyewe.

Alikuja kunipokea mlangoni, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, mbali na mkewe.

"Ndugu mwalimu," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Kuhusu kile kitabu. Nilikuwa nakisoma bandani, nipate kulinganisha picha na mnyama mwenyewe. Nikakiweka juu ya ukuta nikafuate pumba."

"Halafu?"

"Nguruwe akakila."

"Chote?"

"Aliacha kipande cha jalada. Hicho hapa." Akanikabidhi. Kilikuwa na picha ya nguruwe anayetabasamu. "Mwalimu, usiniaibishe. Mimi ndiye niliyesema wananchi hawavitumii."

Nikamwambia sitamsema. Na sikumsema. Ila daftari la upotevu lina safu ya sababu, na Mwalimu Mkuu alinifundisha kuwa daftari halidanganywi. Nikaandika: Kimeliwa na mhusika.

Ikabaki atlasi. Siku moja kabla ya ukaguzi nilikwenda kwa Bibi Tumpe. Hakuwa amepika, jambo lililoniogopesha zaidi.

"Nimesikia," akasema. "Mnataka kumfukusa mwanangu apishe mbolea."

"Mama, naomba niirudishe kesho tu, mkaguzi aione. Ina mhuri wa serikali."

"Mwambie mkagusi akiitaka aje achukue hapa."

"Hatakuja huku."

"Basi hana shida nayo."

Nikamwomba, nikamsihi, karibu nipige magoti. Akakumbatia atlasi. Nikaondoka mikono mitupu, na njiani nilijiambia kwamba kama maktaba itafungwa kwa sababu ya atlasi moja, basi ni haki yangu, kwa kidole kile.

Mkaguzi alifika asubuhi, mtu wa pwani, mpole, ndani ya koti la mvua lililomtosha yeye na jirani. Alinawa mikono bila kuambiwa, na hapo nikapata tumaini kidogo. Kamati nzima ilijipanga ukutani. Akahesabu, akatia alama, akauliza, kisha akafungua daftari la upotevu akaanza kusoma kwa sauti.

"Kitabu cha ufugaji wa nguruwe. Sababu ya upotevu: kimeliwa na mhusika." Akainua miwani. "Mhusika ni nani?"

Kijijini siri huwa ni jambo linalojulikana na wote ila halisemwi, na macho ya kamati nzima, polepole, yakamgeukia Mwenyekiti.

"Ulikila, ndugu?" mkaguzi akauliza kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuona mengi.

"Si mimi!" Ndugu Anyelwisye akaruka. "Ni nguruwe! Mimi nilikuwa nakisoma tu!"

"Kwa hiyo ulikuwa unakisoma?"

Mwenyekiti akaelewa alipoingia, lakini alikwisha kuingia hadi kiunoni. "Kilikuwa kizuri," akasema. "Sikuwa nimefika mwisho."

Mkaguzi akaandika kitu. Kisha akasema mwananchi mmoja hatoshi, na tena pana atlasi yenye mhuri wa serikali ambayo haionekani. Mtunzaji anasemaje? Kabla sijafungua mdomo, mlangoni pakasikika maji yakimwagika kwenye ndoo. Mtu ananawa. Bibi Tumpe akaingia, atlasi kichwani, imefunikwa jani la mgomba, amevaa nguo ya kanisani.

"Nimekuja naye," akaniambia. "Lakini sikuachi naye. Nitakaa hapahapa."

Mkaguzi akaipokea atlasi kwa heshima, akaifungua kwa kufuata jalada, na dunia ikamjia kichwa chini. Akakunja uso. Labda kwa kuona aibu mbele ya watu, hakuigeuza.

"Mama, unajua kusoma hii?"

"Ninajua. Wewe unajua?"

Watu wakacheka. Mkaguzi naye akacheka. "Basi tuone. Nionyeshe hapa tulipo."

Aliweka kidole chake kwanza, kumsaidia. Kwa hali ile iliyopinduka, kidole kilitua mahali fulani karibu na Sudani. Bibi Tumpe akakichukua kidole cha serikali kwa vidole vyake viwili, akakihamisha, akakituliza taratibu. Kisha akasoma kama tulivyosoma jioni zote zile, sauti ikivuka bonde: "Ta, te, ti, to, tu. Tu. Ka, ke, ki, ko, ku. Ku. Yu. Tu-ku-yu." Yeye alikuwa amejifunza kusoma kwenye ramani ile. Herufi zilizosimama kichwa chini hazikumpa taabu hata kidogo. Zilizosimama wima ndizo zilizomsumbua hadi mwisho wa maisha yake.

"Na mwanangu," akasema, akifunua kurasa kabla hatujamzuia, "yuko hapa."

Nikatazama dari. Nilijua anachokiona mkaguzi: karatasi iliyokwisha kuchakaa, kahawia, laini kama ngozi, mahali pamoja tu, kando ya bahari, Australia. Nikamsikia akiinama. Nikasikia akisoma maandishi madogo kwa mnong'ono. Nilipoteremsha macho alikuwa ananitazama mimi. Sijui uso wangu ulisema nini. Ulisema yote, nadhani.

Akakohoa. "Ni mbali sana, mama," akasema.

"Ni mbali," Bibi Tumpe akajibu. "Lakini ninafika kila siku, kabla ya kwenda kuchuma chai."

Mkaguzi akafunga atlasi taratibu, akaipangusa kwa mkono wa koti, akamrudishia. Katika ripoti yake aliandika mstari mmoja: Maktaba inatumika na wananchi wote, wakiwemo viongozi. Mbolea ikapelekwa kwenye banda la nguruwe la Ndugu Anyelwisye, ambalo wakati huo lilikuwa tupu, kwa kuwa mhusika naye alikwisha kuliwa. Mwenyekiti hakunikasirikia. Baada ya juma moja alikuja kuuliza kama wilayani kuna nakala nyingine, ajue kilimalizikaje.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa atlasi. Lakini miaka kadhaa baadaye, Septemba moja, tukiwa tumeanika vitabu uwanjani, nilimwona Bibi Tumpe akija amemshika mkono mwanamume mwenye mvi, kofia ya manyoya, suti iliyokuwa ya mtu mnene zaidi. Alimvuta kama mtoto anayepelekwa kuandikishwa Darasa la Kwanza.

"Mwalimu! Huyu hapa! Amerudi!"

Ambokile alinisalimu kwa Kiswahili kilichochanganyika na lugha za migodini. Alikuwa na kikohozi, na tabasamu la mama yake. Bibi Tumpe hakumpa hata nafasi ya kukaa. Alimfikisha mbele ya atlasi, ambayo kila Septemba aliileta ianikwe na vitabu vingine, akaifungua palepale inapojifungua yenyewe, akaweka kidole.

"Mweleze mwalimu. Nyumba yako ilikuwa upande gani wa hapa?"

Ambokile akainama, akageuza kichwa, akageuza atlasi, akasoma. "Mama, hapa ni ng'ambo ya bahari. Mimi sijafika hapa."

"Umefika. Mwalimu alinionyesha."

Basi nikasema. Nilisema yote mbele ya darasa zima lililoacha kugeuza kurasa: faharasa, haraka, majina mawili, safari tatu. Nikafunua ukurasa wa Afrika ya Kusini, mpya kabisa, haujaguswa, nikaonyesha Kimberley ya kweli. Ambokile akaitikia kwa kichwa: ndiyo, hapo.

Bibi Tumpe akatazama ukurasa mmoja, akatazama wa pili. Kisha akanitazama mimi.

"Kumbe ndiyo sababu," akasema. "Mara tatu unakuja, unakula, unalia, unaondoka. Mimi nilidhani kwenu kuna njaa."

"Nisamehe, mama."

Alikuwa amekwisha kurudi kwenye ukurasa wa Australia. Akauliza, "Na hapa wanakaa nani?"

"Sijui, mama," Ambokile akasema. "Watu tu."

"Wana mama zao?"

"Bila shaka wanao."

Akafikiri. Kisha akaifunga atlasi, akajitwika kichwani, akaniambia nimwandikie siku kumi na nne. Ambokile akamshika kiwiko, akacheka, akamwambia, "Mama, ya nini tena? Si mimi nimekwisha kurudi?"

"Wewe umerudi," Bibi Tumpe akasema, akianza kuondoka. "Wale bado wako huko."